Gari ya umeme: kuchaji kwa kamba ao bila kamba, na maana yake kwa shaba na kobalti ya Kongo

Usiku, mu parkingi ya nyumba moja kule Ulaya, gari ya umeme inaingia pole pole na kusimama juu ya sahani kubwa yenye kulazwa chini. Dereva anazima, anafunga mulango, anaenda kulala. Hakugusa kamba, hakutafuta priza. Asubuhi batri imejaa.

Kwa jirani yake, dereva mwengine anatoa kamba nene ku ukuta, anaichomeka mu gari, naye anaingia kulala. Kazi yote ilimukamata sekunde kumi. Asubuhi batri yake pia imejaa.

Kwa macho, tofauti ya hao wawili ni ndogo sana: mumoja aliinama, mwengine hakuinama. Lakini nyuma ya ile kamba kuko mambo mengi: umeme wenye kupotea, bei ya mashini, na ukubwa wa batri. Batri na kamba zinatengenezwa na kobalti na shaba, vitu vyenye kuchimbwa kwa wingi mu Lualaba na Haut-Katanga. Ndiyo maana ubishi wenye kuonekana ni wa watajiri wa mbali unafika mpaka Kolwezi.

Kamba inafanya kazi namna gani?

Batri ya gari inakubali umeme wa namna moja tu: ule wenye kwenda upande mumoja bila kurudi, sawa na ule wenye kutoka ku pano ya jua. Umeme wa SNEL wenye kuingia mu nyumba uko tofauti. Unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa hiyo lazima mashini fulani iugeuze mbele ya kuingia mu batri.

Mutu akichaji ku nyumba, mashini hiyo iko ndani ya gari. Priza ya kawaida ya ukuta inatoa karibu kilowati 2. Batri yenye kuhitaji kilowati-saa 50 itakaa pale karibu siku nzima. Wakiweka sanduku la pekee ku ukuta, lenye kutoa kilowati 7 ao 11, kazi inaisha kwa usiku mumoja.

Mu vituo vya barabara kuu, mashini ya kugeuza umeme haiko tena ndani ya gari. Iko inje, ndani ya kabati kubwa kama friji. Kwa hiyo inaweza kutoa kilowati 50, 150, hata 350. Pale dereva anakunywa chai, na kisha nusu saa gari iko tayari kuendelea. Nguvu hiyo yote inapita mu kamba moja nene, yenye shaba nyingi ndani. Mara mingi kamba hiyo inapozwa na maji ao mafuta yenye kuzunguka ndani yake, juu isiwake moto.

Bila kamba, umeme unaruka namna gani?

Hapa hakuna uchawi. Mu mwaka wa 1831, Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku yenye kubadilika karibu na waya inazalisha umeme ndani ya ule waya. Kila transfo yenye kusimama mu mitaa ya Lubumbashi, Goma ao Bukavu inatumia siri hiyo. Ndani ya transfo kuko bobini mbili za shaba, na hazigusane. Umeme unaingia mu bobini ya kwanza, unageuka kuwa nguvu ya sumaku, na ile nguvu inazalisha umeme mupya mu bobini ya pili. Fundi yeyote mwenye kufunga upya bobini za moteri zenye kuungua anajua jambo hilo kwa mikono yake.

Gari yenye kuchaji bila kamba ni kama transfo yenye kukatwa vipande viwili. Bobini moja inalazwa chini ndani ya sahani. Ya pili inafungwa chini ya tumbo la gari. Mu transfo, chuma ndiyo inabeba sumaku kutoka upande mumoja kwenda upande mwengine. Chini ya gari hakuna chuma katikati, kuko hewa tu, kama sentimetre 10 mpaka 25 kufuatana na urefu wa gari. Hewa inabeba sumaku vibaya. Kwa hiyo wafundi wanafanya umeme ukwende na kurudi mbio zaidi: hapana tena mara 50 kwa sekunde, lakini karibu mara 85.000.

Pia gari inapaswa kusimama pahali pake kabisa. Ikiachana na katikati ya sahani kwa zaidi ya sentimetre kama kumi, nguvu inaanza kupotea. Ndiyo maana magari hayo yako na ekra yenye kumuongoza dereva: kidogo kushoto, kidogo mbele, simama.

Watu wengi wanauliza kama ile sumaku haiwezi kuchoma mutu ao mutoto. Nguvu inabaki zaidi sana katikati ya zile sahani mbili, na sheria zinaweka kipimo chenye haipaswe kupitishwa inje ya gari, hata juu ya wale wenye kubeba mashini ya kusaidia moyo. Hatari yenye kujulikana zaidi ni kipande cha chuma, kama vile musumari ao kopo, chenye kuanguka juu ya sahani. Kinaweza kupata moto kama sufuria. Kwa hiyo sahani inawekewa mashini ya kutambua chuma, hata paka mwenye kuingia kulala pale, na inazima yenyewe.

Umeme wenye kupotea

Kila njia inapoteza kidogo. Kwa kamba, kutoka ukuta mpaka ndani ya batri, karibu sehemu 90 kwa 100 zinafika. Sehemu 10 zinageuka kuwa joto. Bila kamba, kanuni yenye kufuatwa mu Marekani inakubali mashini yenye kufikisha angalau 85 kwa 100 wakati gari imesimama sawa, na zile nzuri zaidi zinafika 90 na zaidi. Kwa hiyo tofauti haiko kubwa kama watu wanavyofikiri. Mashini nzuri ya bila kamba inaweza kuwa sawa na kamba ya kawaida.

Lakini kidogo mara mingi inakuwa kingi. Tuseme gari inatumia kilowati-saa 10 kwa siku. Kwa kamba, ukuta utatoa karibu 11,1. Bila kamba, kwa kipimo cha 85, ukuta utatoa karibu 11,8. Tofauti ni zaidi kidogo ya nusu kilowati-saa, bei ya sigara moja ao bombo. Sasa chukua magari milioni moja. Ule umeme wenye kupotea kila siku unakuwa karibu kilowati-saa 650.000. Inga 1, yenye nguvu ya megawati 351, ingepaswa kuzunguka kwa nguvu yake yote karibu saa mbili ili kutoa umeme huo. Saa mbili za Inga, kila siku, juu watu wasiiname kuchomeka kamba.

Mbona kamba ilishinda mara ya kwanza?

Wengi wanafikiri bila kamba ni kitu kipya chenye kuja kuondoa kitu cha zamani. Kumbe mashindano yalikwisha kufanyika mara moja. Mu mwaka wa 1996, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari ya umeme yenye kuitwa EV1. Gari hiyo haikuwa na priza ya chuma yenye kugusana. Dereva alikamata kitu cha plastiki kama kafi ndogo ya mutumbwi, akakisukuma mu tundu la gari. Ndani ya ile kafi mulikuwa bobini. Umeme ulipita kwa sumaku, hata kama kamba bado ilikuwa mu mukono.

Wakati ule ule, kampuni zingine zilichagua priza yenye kugusana. Mu California, dereva aliweza kufika ku kituo na kukuta mashini yenye haipatane na gari yake. Mu mwaka wa 2001, wakubwa wa serikali ya California wenye kushugulikia hewa walichagua priza yenye kugusana kuwa njia moja kwa wote. Mwaka wenye kufuata, General Motors iliacha njia yake ya kafi.

Haikuwa kwamba kafi ilikuwa mbaya. Ilishindwa juu ya bei, na zaidi juu watu hawakupatana. Somo hilo linarudi kila wakati. Ulaya ilikata neno mu mwaka wa 2014 kwamba priza ya namna moja itumiwe mu inchi zake zote. Marekani ilichelewa: ni mu mwaka wa 2023 tu kampuni kubwa kama Ford na General Motors zilikubali kutumia priza ya mushindani wao, Tesla. Upande wa bila kamba, kanuni ya kwanza kamili kwa magari madogo, yenye kuitwa SAE J2954, ilitoka mu mwaka wa 2020. Inafika mpaka kilowati 11. BMW ilikuwa imekwisha kujaribu mbele, mu mwaka wa 2018, na gari moja yenye kuchaji bila kamba kwa kilowati 3,2. Mu mwaka wa 2025 Porsche ilionyesha watu mu Munich mashini ya kilowati 11 kwa gari yake ya Cayenne ya umeme.

Kilowati 11 zinatosha usiku mu garaji. Hazitoshe kwa mutu mwenye kuwa mu safari na mwenye haraka. Kwa huyo, kamba nene ya kilowati 150 haina mushindani bado.

Pahali bila kamba inasaidia kweli

Kuko watu wenye ile sekunde kumi ya kuchomeka kamba haiko kitu kidogo kwao. Mutu mwenye kutembea na kiti cha magurudumu, muzee mwenye mikono yenye kutetemeka, kwao kamba ya kituo cha barabara ni nzito na haikunjike vizuri, zaidi sana wakati wa baridi. Juu yao, sahani ya chini ni mulango wenye kufunguka.

Pili, kuko magari yenye kusimama mara mingi pahali pamoja. Mu muji wa Milton Keynes, Uingereza, mabasi manane ya umeme ya mustari namba 7 yalianza kazi mu mwaka wa 2014. Kwenye mwisho wa mustari, dereva alisimamisha basi juu ya sahani, akapumuzika dakika chache, na batri ikaongezwa umeme kidogo mbele ya kurudi. Hakushuka mu mvua kuchomeka kitu. Kwa basi ao taksi, dakika kumi za kusimama bure zinageuka kuwa dakika za kula umeme.

Tatu, kuko wizi. Mu miji ya Marekani na Ujerumani, wezi wanakata kamba za vituo usiku na kuziuzisha kama shaba. Mu Kongo hakuna mwenye hajui hadisi hiyo: kable ya SNEL inakatwa, mutaa muzima unalala mu giza, kisha ile shaba inaonekana ku soko. Sahani yenye kuzikwa chini ya simenti haikatwe kwa urahisi hivyo.

Barabara yenye kulisha gari

Wengine wanataka kufika mbali zaidi: gari ichaji wakati inatembea. Mu Gumi, muji wa Korea ya Kusini, wafundi wa chuo kikuu cha KAIST walizika bobini chini ya barabara, na mu mwaka wa 2013 mabasi ya umeme yalianza kutembea pale kwenye njia ya kilometre 24 kwenda na kurudi. Hawakuchimba njia yote. Walisema inatosha kuweka bobini mu sehemu kati ya 5 na 15 kwa 100 ya njia, zaidi sana pahali basi inasimama ao inatembea pole.

Jambo la maana zaidi ni hili: kwa sababu basi ilikuwa inakula kidogo kidogo njiani, batri yake haikuhitaji kuwa kubwa. KAIST ilisema ilikuwa karibu sehemu moja kwa tatu ya batri ya basi zingine za umeme.

Kisha Gumi, wengine walijaribu pia. Ku kisiwa cha Gotland, Uswidi, walitengeneza kilometre 1,6 ya barabara ya namna hiyo. Mu Detroit, Marekani, sehemu ya metre kama 400 ya barabara yenye kuitwa 14th Street ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka wa 2023. Lakini mwaka ule ule wa 2023, Uswidi ilisimamisha mupango wa kutengeneza barabara kubwa ya umeme, yenye ingekuwa na kilometre zaidi ya 20, kwa sababu bei zenye makampuni yalileta zilipita makuta yenye kuwekwa. Kuchimba barabara ni bei kali, na gari yenye haina bobini chini yake haipate faida hata kidogo.

Kolwezi iko wapi mu mambo haya?

Kamba na sahani vyote vinahitaji shaba. Wenye kufuatilia biashara ya shaba wanasema gari moja ya umeme inabeba karibu kilo 80 za shaba, na gari ya esansi karibu kilo 23. Kuchaji bila kamba kunaongeza bobini mbili juu ya hesabu hiyo. Kuzika bobini mu barabara kunaongeza zaidi. Kwa wachimbaji wa shaba, kila njia inaleta kazi.

Kobalti iko tofauti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na inatumiwa zaidi sana mu batri. Watu wananunua batri kubwa juu ya woga: woga wa kukosa umeme katikati ya safari. Kama kuchaji kunakuwa rahisi na kwa mara mingi, kwa kamba ao bila kamba, woga unapunguka, na batri ndogo inatosha. Batri ndogo ni kobalti kidogo. Tena, batri zingine za sasa, zenye kutengenezwa na chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo, na mu China magari mengi mapya yanazitumia.

Haiko hatari ya mawazo tu. Bei ya kobalti ilianguka sana, mpaka mwezi wa 2 mwaka wa 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuzisha kobalti inje. Mwezi wa 10 wa mwaka ule iliruhusu tena, lakini kwa kipimo: tani 96.600 kwa mwaka mu 2026 na mu 2027. Familia yenye kuishi kwa ajili ya kobalti mu Kolwezi iliona makuta yakipunguka mbele hata ya kusikia jina la SAE J2954. Lakini mambo hayo mawili yako karibu: mafundi wa Munich na Gumi wenye kutafuta namna ya kupunguza batri wanagusa pia sufuria ya ile familia.

Mu mwezi wa 4 mwaka wa 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza pamoja vitu vya batri, juu madini yasitoke tu kama udongo mu mifuko. Inchi yenye kuuzisha udongo tu inateswa kila wakati wafundi wa mbali wanabadilisha mawazo. Inchi yenye kutengeneza waya, bobini ao batri inaweza kubadilika pamoja nao.

Na mwenye kutaka gari ya umeme hapa?

Mu Kongo, karibu mutu mumoja tu kwa watano ndiye anapata umeme, na mwenye kuwa nao anajua delestaji. Kwa mwenye kuwaza gari ya umeme leo, kamba ndiyo njia yenye akili. Ni ya bei ndogo, fundi wa mutaa anaweza kuitengeneza, na inaweza kuchomekwa ku SNEL, ku grupu ao ku umeme wa jua wenye kutosha. Sahani ya chini inahitaji umeme wenye kutulia, na ikiharibika, vipande vyake vinatoka mbali.

Kuko pia njia ya tatu, yenye wakaaji wa Goma na Bukavu wenye kuvuka mupaka wameona tayari. Mu Kigali, wenye pikipiki za umeme hawangoje kuchaji. Wanafika ku kituo, wanatoa batri yenye kuisha, wanawekewa yenye kujaa, na wanaenda kutafuta abiria. Kwa mutu wa moto mwenye kulipwa kwa kila safari, hakuna kamba wala sahani yenye kushinda dakika hizo chache.

Kwa hiyo ulizo la kamba ao bila kamba halina jibu moja. Gari ya nyumba iko sawa na kamba. Basi ya muji na mutu mwenye ulemavu wanaweza kupata faida kubwa bila kamba. Kwa Lualaba na Haut-Katanga, kitu cha kufuatilia si kamba peke yake. Ni kilo ngapi za batri zitabaki ndani ya gari kisha kuchaji kuwa rahisi, na ni nani atakuwa anatengeneza hizo kilo.